Eda Iliyokwisha Bila Kukaliwa: Mchujo wa Wasomali Ulipopita Majengo ya Nyeri na Nanyuki

Sisi watu wa pwani neno "kuchuja" twalijua jikoni kabla hatujalijua penginepo. Nazi hukunwa, ikatiwa maji, ikakamuliwa kwa kifumbu. Tui likashuka chunguni na chicha ikabaki mkononi. Tui ni la wali na mchuzi, chicha hutupiwa kuku. Hakuna aionaye chicha huruma. Lakini katika nchi yetu hii neno hilo lilitoka jikoni likapelekwa ofisini, na huko hazikuchujwa nazi, walichujwa watu. Makala yangu ya leo, mpenzi msomaji, yahusu mchujo huo, na yahusu miji ambayo wengi wetu huku pwani hatuikumbuki tunapotaja Waislamu wa Kenya, nayo ni Nyeri, Nanyuki na mitaa ya Majengo iliyo chini ya Mlima Kenya.

Hapana shaka wako watakaoshangaa. Nyeri na Waislamu wapi na wapi? Nyeri ni mji wa kahawa na majani ya chai, mji wa baridi na manyunyu, mji wa Wakikuyu na makanisa yao. Hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Nyeri ilianzishwa na Waingereza mwezi wa Desemba mwaka 1902 kama boma la kijeshi, na boma halisimami kwa Mzungu peke yake. Lataka askari, lataka wapagazi, lataka wapishi na wenye vioski. Watu hao walitoka kila upande, Waswahili wa pwani, Wanubi waliotoka Sudani kwa njia ya Uganda, Wasomali, na Wakikuyu wenyewe waliosilimu wakaacha vijiji vyao wakahamia mjini. Wakajenga, na pale walipojenga pakaitwa Majengo. Ndiyo maana ukienda Nyeri utakuta Majengo, ukienda Nanyuki utakuta Majengo, na Embu vilevile. Humo utasikia adhana, utasikia Kiswahili kinachotiririka kama cha Mwembe Tayari, na asubuhi utapata mahamri ila si ya nazi, kwani nazi huko ni ghali.

Wasomali wa miji hiyo wana historia yao mbali na ile ya ndugu zao wa Wajir na Garissa. Wengi wao si watu wa kaskazini mwa Kenya. Ni Waisaaq na Waherti, ambao babu zao walitoka Berbera, Hargeisa, Aden na Kismayu. Walikuja na wawindaji na wapelelezi wa Kizungu, wakaja kama askari wa jeshi la mfalme wa Uingereza, na baada ya kuacha bunduki wakawa wafanyi biashara ya ng'ombe, wakiswaga mifugo kutoka kaskazini hadi kwenye mashamba ya masetla wa Laikipia. Nanyuki, mji uliokaa juu ya mstari wa ikweta, ukawa kituo chao kikubwa.

Sasa sikiliza, msomaji, jinsi heshima ya jana inavyoweza kuwa balaa ya leo. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyowatoa Wasomali hao katika baadhi ya masharti yaliyowabana wenyeji. Kwa mambo kadhaa hawakuhesabiwa kuwa "natives". Mwenyeji alilazimishwa kuvaa kipande chake shingoni ndani ya kikopo cha bati. Msomali wa mjini hakuvalishwa. Ilipofika mwaka 1936, ilipotungwa sheria mpya ya kodi ya kichwa, Waisaaq waliteta kwa nguvu. Hawakuteta kwamba kodi ni kubwa, bali waliteta kwamba wametengwa na Waasia wakawekewa daraja ya chini yao, nao wakataka walipe kama Waasia, ijapokuwa kodi ya Waasia ilikuwa kubwa zaidi! Ugomvi huo ulidumu miaka. Walitaka karatasi iseme kwamba wao si wenyeji wa hapa, kwa sababu wakati ule kuwa mwenyeji wa hapa kulikuwa ni kudharauliwa. Nani angalijua kwamba maneno hayo hayo ya babu yangekuja kutajwa mbele ya mjukuu, miaka hamsini na zaidi baadaye, ili kumtoa nchini?

Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963, katiba iliweka mlango wa uraia. Aliyezaliwa Kenya, na mmoja katika wazazi wake naye amezaliwa Kenya, aliingia mlangoni bila kubisha hodi. Lakini aliyezaliwa Kenya na wazazi wote wawili wamezaliwa Berbera, huyo alitakiwa abishe, ajiandikishe katika muda wa miaka miwili. Wahindi walijua habari hiyo kwa kuwa walikuwa na mawakili na magazeti yao. Mswaga ng'ombe wa Nanyuki alijuaje? Alikuwa amezaliwa hapa, anasema Kikuyu na Kimeru, ana mke na boma. Muda ukapita, mwaka 1965 ukaisha, na mlango ukafungwa naye akidhani yumo ndani.

Miaka ishirini na minne ilipita. Katika muda huo kulikuwa na vita vya shifta huko kaskazini, kukawa na mauaji ya Wagalla karibu na Wajir mwezi wa Februari mwaka 1984, na mwaka 1988 mji wa Hargeisa ukavunjwa kwa mabomu ya serikali ya Siad Barre yenyewe, watu wakakimbia. Ndipo mwezi wa Novemba mwaka 1989 serikali ya Kenya ikatangaza kwamba kila Msomali mwenye umri wa miaka 18 na zaidi aende akasajiliwe upya. Si kila mkaazi wa nchi, bali Msomali tu. Sheria iliyotumiwa ilikuwa ile ya usajili wa watu, na kazi ilifanywa na kamati zilizokaa na maofisa wa serikali pamoja na wazee wa Kisomali waliochaguliwa. Aliyepita alipewa kadi ya rangi ya waridi, ya kubeba pamoja na kitambulisho chake cha kawaida. Aliyeanguka alinyang'anywa karatasi zake akatakiwa aondoke. Ikumbukwe kwamba wakati huo mkuu wa majeshi yote ya Kenya, Jenerali Mahmoud Mohamed, alikuwa Msomali, na ndiye aliyesaidia kuyazima mapinduzi ya mwaka 1982. Kwa hiyo taifa lilimwamini Msomali alinde mipaka yake yote, na papo hapo likamwuliza Msomali wa duka la rejareja babu yake wa tano alizikwa wapi.

Nilikwenda Nanyuki nikakaa na mzee mmoja mwenye duka la nguo. Kulikuwa na baridi ya asubuhi, na mlima ulikuwa umejitokeza wote kabla mawingu hayajauvika kanzu. Mzee alinikaribisha chai ya maziwa yenye iliki, kisha akanieleza habari ya "abtirsi".

"Wewe ndugu yangu wa Mombasa," aliniambia, "nyinyi mna nasaba zenu, masharifu wenu wana silsila zao. Na sisi vivyo hivyo. Mtoto wa Kisomali akifika miaka mitano hufundishwa kuwahesabu baba zake: mimi fulani bin fulani bin fulani, mpaka ishirini na zaidi. Bibi yangu alinifundisha usiku, na nikikosea nilirudishwa mwanzo. Ilikuwa ni mchezo wetu na fahari yetu."

Mwaka 1989 mzee huyu alisimama mbele ya kamati, na swali la kwanza halikuwa amezaliwa wapi wala analipa kodi wapi. Aliambiwa: hesabu baba zako. Akahesabu. "Nilipofika babu wa nane mmoja wao akainama akaandika kitu. Mpaka leo sijui aliandika nini."

Yeye alipita, kwa kuwa alizaliwa hospitalini na cheti kilikuwapo. Ndugu yake wa pili, baba mmoja mama mmoja, alizaliwa shambani kwa setla mmoja huko Laikipia, na shambani hakukuwa na mwandishi wa vyeti. Huyo hakupita. "Tumbo lilikuwa moja," alisema mzee, "na kadi ikawa moja."

Nilimwuliza kama tangu hapo amewafundisha wajukuu wake abtirsi. Alinyamaza kidogo akitazama barabara. Akasema aliacha kwa muda wa miaka kumi na mitano. Hakutaka mtoto ajue jambo ambalo siku moja ataulizwa. Waama, msomaji, hapo ndipo nilipofahamu kwamba hasara ya mchujo haiishi kwa waliofukuzwa. Hata aliyepewa kadi alirudi nyumbani kwake akaanza kuogopa majina ya babu zake.

Kutoka Nanyuki nilishuka hadi Nyeri, mwendo wa kilomita sitini hivi. Njiani, upande wa Kiganjo, kipo chuo cha polisi, ambako makuruta wa nchi nzima hufundishwa kazi. Polisi anayekusimamisha Likoni au Malindi akikwambia "kipande", uwezekano mkubwa alifundishwa hapo. Watoto wa Majengo ya Nyeri hawana haja ya kuambiwa polisi ni nani.

Katika Majengo hayo nilipelekwa kwa bibi mmoja wa Kikuyu, Mwislamu, umri wake umepita miaka sabini na mitano. Jina lake sitalitaja, kwani ndivyo alivyotaka. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akajibu, "Marahaba mwanangu, karibu, lakini uketi karibu na jiko, nyinyi watu wa pwani hamwezi baridi." Alisilimu alipoolewa mwaka 1970 na kijana wa Kisomali, dereva wa lori la ng'ombe, aliyezaliwa Nanyuki mwaka 1946. Baba na mama wa kijana huyo walikuwa watu wa Berbera wote wawili. Unakumbuka mlango wa mwaka 1963? Kijana huyo ndiye mfano wa aliyebaki nje yake bila ya kujua. Walizaa watoto watatu, wa mwisho mwaka 1981.

Alipoanguka katika mchujo alipewa siku chache. Kurudishwa Somalia maana yake ni kurudishwa katika vita, na "kurudishwa" lenyewe lilikuwa neno la uwongo, kwani hajapata kufika huko. Alifanya kama walivyofanya wengi wa wenzake, akatoroka kwenda nchi ya jirani. Wengine walikimbilia Uganda, yeye akaenda Tanzania. Aliondoka usiku mwanzoni mwa mwaka 1990, na wala hakuwaaga watoto, akihofu kwamba watasema shuleni.

"Yule mdogo alikuwa na miaka minane," bibi alinihadithia. "Alirudi kukojoa kitandani, naye alikuwa darasa la pili. Makuruta wa Kiganjo wakipita mbio na nyimbo zao, yeye hujificha chini ya kitanda. Mwalimu alinambia mtoto ni mjinga. Si mjinga. Usiku kucha alikuwa halali, anasikiliza mlango."

Barua zilikuja kwa mkono wa madereva, mara mbili au tatu kwa mwaka. Fedha kidogo zilikuja na barua. Mwaka 1996 barua zilikoma. Bibi alidhani mume ameoa huko, akakasirika, akaacha kuuliza. Kisha akaja dereva mmoja na habari kwamba yule bwana alikufa kwa maradhi ya kifua, na amezikwa, na tangu azikwe ni miezi minane.

Mpenzi msomaji wewe wajua sheria ya eda. Mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa miezi minne na siku kumi, na hesabu yake huanza siku ya kifo, si siku ya habari. Bibi huyu alikwenda kwa shehe kuuliza avae nini na akae wapi. "Shehe akanambia: mama, eda yako imekwisha. Nikamwambia: imekwisha vipi, na mimi sijaikaa? Akasema ndiyo sheria, ilikwisha miezi mitatu nyuma. Siku zile za eda mimi nilikuwa sokoni nauza viazi, nimevaa kitambaa chekundu, namlaumu maiti."

Sikuwa na la kumjibu. Shehe alisema haki, na sheria ya dini ilikuwa na huruma ndani yake, kwani haikumtwika mjane mzigo mpya. Lakini nilifikiri juu ya jinsi karatasi moja iliyokosekana katika ofisi ilivyoweza kufika mpaka huko ndani, kwenye chumba cha mjane, ikamnyima hata huzuni yake kwa wakati wake. Wapimao madhara ya amri za uhamiaji huhesabu waliokamatwa na waliosafirishwa. Eda ya bibi huyu wangeiweka katika safu gani?

Kuna jambo la pili alilonambia, na hili limo katika historia ya Nyeri nzima. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, bibi alikuwa mtoto wa miaka mitano. Wazungu walikuwa wamewarudisha Wakikuyu wapatao laki moja kutoka mashamba ya Bonde la Ufa na kuwarundika katika maeneo yao. Waliokuwa Tanganyika kaskazini nao walifukuzwa. Tarehe 24 Aprili mwaka huo Nairobi ilizungukwa na askari, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kambini. Vijijini, zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa miiba na mahandaki. Na kazi ya kumtenga Mau Mau na asiye Mau Mau iliitwa kwa neno lile lile, mchujo. Watu walipangwa foleni, akaletwa mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Akitikisa kichwa namna hii, umepona. Akitikisa namna ile, umekwisha.

Baba yake bibi alisimama katika foleni hiyo, na gunia likatikisa kichwa kwa upande mbaya. Alikaa kizuizini miaka minne. "Kwa hiyo mume wangu aliponiambia anakwenda kuchujwa," alisema bibi, "mimi sikuuliza ni nini. Nilijua. Nilishangaa tu kwamba safari hii wenye gunia ni sisi wenyewe."

Wazee wa Mau Mau waliishitaki Uingereza, na mwezi wa Juni mwaka 2013 serikali hiyo ilikubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, na kutamka masikitiko yake bungeni. Ni jambo jema, ingawa lilikuja wengi wakiwa makaburini. Lakini bibi yetu, binti wa mchujwa na mke wa mchujwa, anauliza mahakama gani itasikiliza nusu ya pili ya maisha yake.

Si haki tusipousikiliza upande wa pili. Serikali yoyote ina haki ya kujua nani aingia katika nchi yake. Kenya imeumizwa. Tarehe 21 Septemba 2013 watu 67 waliuawa katika duka la Westgate, na tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi waliokuwa usingizini. Damu ya Mwislamu, Mkristo na asiye na dini ilichanganyika. Anayesema kwamba polisi wakae tu hasemi kweli. Lakini kumtafuta mwenye hatia ni jambo moja, na kulipitisha kabila zima katika kifumbu ni jambo jingine. Mwezi wa Aprili mwaka 2014 polisi wapatao 6,000 walimwagwa Eastleigh, Nairobi, na msako huo ulifika mpaka Mombasa. Zaidi ya watu 4,000 walikamatwa, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani, na mamia wakasafirishwa kwa ndege hadi Mogadishu. Mama walichukuliwa wakaacha watoto wachanga nyumbani. Katika hao waliokamatwa kulikuwa na raia halali wa Kenya. Na mwaka mmoja baadaye ndipo wakauawa wale wanafunzi wa Garissa. Wavu uliotupwa kwa Wasomali wote haukuwanasa waliokuwa wakipanga jinai hiyo.

Huku pwani tusijione tuko mbali. Wamakonde wa Kwale, ambao babu zao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walikaa bila ya vitambulisho mpaka mwezi wa Oktoba mwaka 2016, walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Ikulu ya Nairobi kudai haki yao. Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi ambao maji ya Kenya wanayajua kuliko wengi wetu, walitambuliwa mwaka 2023 tu. Na mwanangu mimi mwenyewe alipofika umri wa kitambulisho, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, alitakiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu yake. Babu yake alizaliwa kabla ya vyeti kujulikana mtaani kwetu; siku yake ya kuzaliwa iliandikwa na marehemu mama yake nyuma ya msahafu. Tulikwenda na kurudi miezi mitano. Mwanafunzi mwenzake wa darasa moja, ambaye jina lake halikuwa la Kiislamu, alimaliza kwa wiki tatu.

Bila ya kitambulisho mtu hawezi kusajili laini ya simu, hawezi kufungua akaunti benki, hapigi kura, haajiriwi kwa haki, na majumba mengi ya serikali haingii. Mtoto mdogo wa bibi yetu aliomba mwaka 1999 akaambiwa alete kadi ya baba yake. Sheria ya wakati ule yenyewe ilimkubali, kwani alizaliwa ndani ya nchi na mama ni raia. Lakini ofisini watu walimtafuta baba. Miaka kumi na mitatu alibeba magunia sokoni Karatina kwa malipo ya siku. Katiba mpya ya mwaka 2010 ilipoandika wazi kwamba uraia hupatikana kwa mama sawasawa na kwa baba, ndipo akapata kitambulisho mwaka 2012, akiwa na miaka 31. Bibi alikifunga katika leso siku tatu kabla ya kumpa. "Nilitaka kilale nyumbani kwanza," alisema.

Mwezi wa Februari mwaka 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuuondoa mchujo wa ziada waliofanyiwa waombaji wa vitambulisho katika kaunti za mpakani. Ni hatua ya kushukuriwa, na mwenye kushukuru hana budi vilevile kukumbusha. Tangazo hukaa ofisini Nairobi, na mwombaji hukutana na karani wa dirishani. Neno la Rais litakuwa na maana siku ile karani wa mji mdogo, bila ya kusimamiwa na mtu, atakapopokea fomu ya kijana anayeitwa Abdi kama anavyopokea ya anayeitwa Mwangi.

Nilipokuwa nikiondoka Nanyuki niliona malori ya jeshi la Uingereza yakipita. Wanajeshi hao huja kila mwaka kufanya mazoezi, kwa mapatano ya serikali mbili, na hapana ubaya katika mapatano. Lakini mzee wa duka la nguo aliwatazama akacheka kidogo. "Babu yangu aliwabebea bunduki hao," alisema. "Hawa huulizwa pasipoti, wakapita. Mimi nimeulizwa babu ishirini."

Nilimwuliza swali langu la mwisho, kama hivi sasa amerudi kuwafundisha wajukuu. Akamwita mtoto wa kike wa miaka sita aliyekuwa akicheza nyuma ya duka. Mtoto akasimama wima, akashika pindo la gauni, akaanza kuwataja baba zake mmoja mmoja kwa sauti nyembamba. Alipofika babu wa nane alikwama. Mzee hakumsaidia wala hakumkemea. Mtoto akarudi mwanzo, akaanza tena, na safari hii akapita.

Basi na mimi, kwa desturi ya ukurasa huu, naiacha kadhia hii kwa beti mbili:

Nasaba si ya fitina, ni pambo letu nyumbani,
Babu tukitaja jina, simwiteni kizimbani,
Ndugu waliolingana, mmoja atoke kwani?
Kifumbu kikitubana, chicha kati yetu nani?

Eda ilimalizika, mwenyewe hajajulishwa,
Kaburi likafukika, na udongo ukashushwa,
Mwana umri kafika, dirishani kazungushwa,
Kifumbu kikitubana, chicha kati yetu nani?